Ile Saba Ilikuwa Kumi na Nne

Mpendwa Baba,

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, si shangazi, si rafiki, wala sijaliandika popote kabla ya leo. Jumapili ile uliponipa kidole, nikakichoma, ukaniuliza, "Ngapi, mama?" nami nikakujibu, "Saba," mashine ya kupimia sukari ilikuwa imeandika kumi na nne. Na Jumapili iliyofuata ilikuwa kumi na tatu nukta mbili, nikasema sita na nusu. Nikaendelea hivyo karibu miaka miwili.

Ningependa barua hii iwe ya kuomba radhi tu, niimalize kwa kurasa mbili basi. Lakini nimeianza mara nne na kila mara anaingia Bi Mwanaisha. Siwezi kukwambia ukweli wangu bila kukwambia pia kwamba namwonea wivu mke wako. Namwonea wivu sana, Baba, wivu wa kunikosesha usingizi mtu mzima wa kidato cha tatu.

Acha nianzie nyumbani kwetu hapa Mtopanga, kabla yake.

Unakumbuka nilivyokuwa nikisoma? Ulikuwa ukijilaza mkekani baada ya adhuhuri, nami naweka kichwa juu ya tumbo lako, kitabu nimekiinua juu. Tumbo lilikuwa likipanda na kushuka, na mistari ya kitabu inapanda na kushuka nayo. Ukicheka, napoteza ukurasa. Shangazi alikuwa akipita na ufagio anasema, "Huyo mtoto atakuja kuolewa na mto." Ukamjibu, "Basi amtafute mto anayejua kushona." Vitabu vyote vya maktaba ya shule nilivyosoma tangu darasa la nne nilivisoma juu ya tumbo lako. Mama alikuwa amekwisha fariki, na sikumbuki kichwa changu kilikuwa kikilala wapi kabla ya hapo.

Halafu macho yakaanza kukusumbua. Kwanza ulidhani ni taa ya dukani. Ukabadilisha balbu. Kisha ukaanza kunituma nikutungie uzi kwenye sindano ya cherehani kabla sijaenda shule, na jioni nikirudi nakuta umezipanga sindano za mkono kwenye kipande cha kitambaa, saba nane, zinaningoja. Nilizipenda zile sindano. Nilikuwa mtoto ninayeona haya hata kuomba ruhusa ya kutoka darasani, lakini palikuwa na mahali pamoja duniani ambapo kazi haiendi mpaka nifike mimi. Kanzu za Idi za mtaa mzima zilipita kwenye macho yangu.

Ulipokwenda kliniki wakakwambia ni sukari. Wakakupa vidonge, mashine ndogo ya kupimia na daftari lenye mistari. Muuguzi akaniangalia mimi kwa sababu wewe hukuwa unaona maandishi yake. Akasema, "Binti, wewe ndiwe macho ya baba. Kila Jumapili asubuhi kabla hajala, mpime, uandike. Ikizidi kumi, siku hiyo asile mahamri, asile wali. Umenisikia?" Nikamjibu "Abee," kwa sauti ambayo nadhani hakuisikia.

Jumapili ya kwanza nilikusomea kweli. Kumi na mbili. Nilikuwa najivunia jinsi nilivyokichoma kidole bila kukuumiza. Shangazi alikuwa amekwisha weka mahamri na mbaazi. Ukalirudisha hamri lililokuwa mkononi mwako kwenye sahani, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe, ukainuka. Mchana sinia la wali likawekwa, na mahali pako pakawa wazi. Ulikula tango na kipande cha samaki peke yako kule barazani, umetupa mgongo. Mimi na shangazi tukala wawili. Wali wa upande wako ulibaki hivyo hivyo, haukuguswa, na kule upande wangu hapakuwa na mtu wa kunisukumia minofu.

Maana wewe ndivyo ulivyokuwa unakula, Baba. Unamega samaki, unatoa miiba, unausukuma mnofu ukivuka sinia mpaka mbele yangu, wala huniangalii, unaendelea kuzungumza na shangazi mambo mengine. Tangu nina miaka sita. Nilikuwa nikijua nimependwa kwa kuangalia sinia tu.

Kwa hiyo Jumapili ya pili nikasema saba.

"Saba!" ulisema. "Alhamdulillahi. Wasikia, dada? Saba! Lete mbaazi."

Na ukaketi mahali pako. Ndiyo sababu yote. Sina nyingine iliyo bora kuliko hiyo.

Nisingeumia sana kama ningekuwa mjinga. Lakini nilikuwa nimesoma. Kitabu cha baiolojia kina mlango mzima juu ya kongosho na ugonjwa wa sukari, nao niliumaliza kabla darasa halijaufikia. Nilikuwa najua kwamba wali, mahamri, ugali, muhogo, viazi, vyote hivyo vya wanga vinageuka sukari mwilini. Siku moja nilijikaza nikakusomea. Nikakwambia, "Baba, wanasema ukipunguza vyakula vya wanga na mwili ukapungua, sukari inaweza kushuka yenyewe." Ukacheka mpaka kitabu kikaanguka. "Sasa mama, mtu wa pwani bila wali ni mtu gani? Si bora niende bara kabisa?" Nami nikacheka. Nilikwambia neno la kweli mara moja tu, na ulipolikataa nikafurahi. Nilifurahi, Baba, kwa sababu Jumapili ilikuwa karibu.

Kliniki wakikupima wenyewe inatoka juu. Ukawaambia, mbele yangu, "Mashine yenu hii ndiyo mbovu. Ya binti yangu haikosei. Tazameni daftari." Muuguzi akalifungua daftari, akaona saba, sita na nusu, saba nukta moja, kwa mwandiko wangu mzuri wa wino wa buluu. Akasema labda ni hofu ya hospitali inayokupandisha. Mimi niliangalia viatu vyangu. Na kile kidonda cha kidole cha mguu, ulichopata kwenye kanyagio la cherehani bila hata kukisikia, kikakaa mwezi, miezi miwili, mitatu. Nilikuwa nakifunga bandeji mimi. Nilikuwa najua kwa nini hakiponi.

Kisha ukaniambia utaoa Likoni.

Nilisema "Inshallah, Baba" na nikaenda kusoma. Ulikuwa na haki yako, umekaa mjane miaka mingi, na wateja wako wengi wa sare za shule walikuwa upande ule. Mimi nikabaki na shangazi kwa ajili ya shule. Ulichukua cherehani, mashine na daftari. Hukujua umechukua nini.

Nilipoambiwa kwamba mke mwenyewe ni muuza mahamri, nilifurahi kwa ubaya. Samahani, lakini ndivyo. Nilijisemea, huyo atamkaangia asubuhi mpaka jioni, kisha Baba atajua nani alikuwa akimtunza.

Badala yake ukaanza kupiga simu kila Ijumaa, na kila sentensi inaanza na jina lake. Bi Mwanaisha kasema nisile kitu chochote cha unga. Bi Mwanaisha kakataa tuanze mpaka daktari aangalie vidonge kwanza, maana chakula kikipungua na dozi ikabaki ile ile, sukari yaweza kushuka nikaanguka. Bi Mwanaisha kanitembeza alasiri mpaka karibu na kivuko na kurudi. Kilo nne. Kilo tisa. Daktari kapunguza kidonge kimoja. Kidonda kimefunga, mama, wallahi kimefunga! Kilo kumi na saba.

Na mimi upande wa pili nasema, "Alhamdulillahi, Baba," nikiwa nimeukunja ukurasa wa kitabu mpaka umechanika.

Maana hayo yote nilikwambia mimi! Nilikusomea ukurasa ule ule. Mimi ulinicheka, yeye ukamtii. Nilijiuliza ana nini huyu mwanamke ambacho mimi sina, nami nakujua tangu nazaliwa. Nilikuwa nalijua jibu, ila sikuwa tayari kulisema.

Nilipokuja huko Likoni likizo hii, baada ya miezi mingi ya kutafuta visingizio, nilikupita pale kituoni nisikutambue. Hukukasirika, ulicheka ukaniita, "We mama! Wampita babako kama wapita nguzo?" Nikageuka nikaona mtu mwembamba ndani ya kanzu iliyomkaa vizuri. Ulizipunguza kanzu zako zote mwenyewe, ukanionyesha mshono wa pembeni jinsi ulivyouingiza inchi kwa inchi. Ukajizungusha futi kiunoni mbele yangu, unaringa. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kuweka kichwa na sikupaona. Shangazi alikuwa na kanzu yako moja ya zamani ambayo hukuichukua. Ninayo mimi sasa. Wanaingia watu wawili.

Asubuhi yake nilikaa pale barazani ambapo Bi Mwanaisha anakaangia. Nilitaka kumkamata. Nilihesabu kila hamri lililotoka kwenye karai, nikingoja moja tu liingie ndani kwako. Wateja wanakujua. Yule mzee wa baiskeli akakupigia kelele, "Bwana fundi, mke wako atulisha sisi mji mzima, wewe wapewa mayai na parachichi kama mgonjwa!" Ukamjibu, "Wewe kula. Nami nitakushonea suruali yenye mpira." Watu wakacheka, na Bi Mwanaisha akacheka na kijiti chake cha kugeuzia mkononi, na mlikuwa mmepatanisha kicheko chenu vizuri mno. Zamani mimi ndiye niliyekuwa nikicheka upande huo wa mzaha wako.

Kisha ukakaa kwenye cherehani. Uzi ulikuwa umekatika. Nikainuka haraka, Baba, hukuona jinsi nilivyoinuka. Nilikuwa nimefika hatua ya pili. Ukalamba ncha ya uzi, ukaipeleka sindanoni, ikapita mara moja. Hukutazama hata kama nipo. Macho yamerudi, ulisema baadaye, daktari kasema yalikuwa yakifunikwa na sukari tu. Nikarudi nikakaa. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Bi Mwanaisha dakika ile, kwa kosa la kukurudishia macho yako.

Mchana ndio ulionimaliza. Mliweka sinia. Ndani yake kabichi iliyokatwa nyembamba kama punje, imepikwa kwa tui mpaka ikafanana na wali, na samaki wa kupaka juu, na mchicha, na ndimu. Wewe upande wako, yeye upande wake. Na mimi nikaletewa sahani. Alinipikia wali mbali, kwa ukarimu, wali wa nazi mzuri ambao siwezi kuusema vibaya. Akasema, "Wewe bado wakua, mwanangu, na una kazi ya kusoma." Nikala peke yangu kwenye mkeka ule ule, kama mgeni aliyepitia. Nikakuona ukimega samaki, ukatoa miiba, ukausukuma mnofu ukavuka sinia. Mnofu ukaenda mbele yake.

Nikasema nimeshiba.

Bi Mwanaisha alinikuta jikoni nikiosha sahani ambayo ilikuwa safi tayari. Ulikuwa umekwenda msikitini. Akafunga mlango wa uani, akafuta mikono, akaitoa ile mashine kwenye kabati pamoja na daftari langu.

"Mashine hii yaweka kumbukumbu," akasema. "Ukibonyeza hapa, yarudi nyuma mpaka siku ya kwanza. Ulijua?"

Sikujua. Nilisoma mlango mzima wa kongosho, sikusoma karatasi iliyokuja na mashine. Akabonyeza. Akarudi mpaka Jumapili zangu za mwanzo. Tarehe, kumi na sita. Akabonyeza tena. Kumi na tatu nukta mbili. Kumi na nne. Akaliweka daftari kando yake, saba nukta moja, sita na nusu, saba.

"Nilijua wiki ya kwanza," akasema. "Nilimpima, nikamwambia kumi na sita. Akanigombeza! Akasema kwa binti yangu ilikuwa saba, nyumba yako hii ndiyo yanipandisha. Nikaingia nikabonyeza, nikaona."

Nikamuuliza kama amekwambia. Ndilo neno la kwanza nililomwambia siku ile nzima.

"Sikumwambia. Kwa nini nimwambie? Daftari hilo amwonyesha kila mtu anayekuja kupimwa nguo. 'Binti yangu huyu, tazama mwandiko.' Nitamwondoleaje fahari hiyo?" Akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. "Mama yangu alikuwa na sukari. Nilikuwa na umri kama wako huo. Tulimwambia waendelea vizuri, mama, kula kidogo, kula. Tulimpenda. Akakatwa mguu akituambia ahsanteni." Akaizima mashine. "Kumwambia au kutomwambia, hilo ni lako. Mimi sitalifungua kinywani mwangu."

Ningependa kukuandikia kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilisimama pale na wivu wangu ukaongezeka, kwa sababu sasa alikuwa amenishinda hata katika wema, na pia katika kukutunzia siri. Alikwambia kumi na sita usoni siku za mwanzo za ndoa, akagombezwa, na kesho yake akakupima tena. Hakuogopa uinuke mkekani. Mimi niliogopa. Ndilo jibu ambalo nilikuwa sitaki kulisema, Baba. Mimi nilitaka ukae nami mkekani. Yeye alitaka uishi, hata ukimnunia.

Wivu bado ninao ninapoandika. Sitakudanganya tena, hata kwa hilo. Sasa hivi ni saa nne asubuhi, nyinyi mko pamoja kule, pengine anakuchambulia bamia, nami nimekaa kwenye mkeka wetu wa zamani na daftari magotini. Lakini nikiufuata wivu wangu mpaka mwanzo wake, naufikia ule mguu wako uliopona. Na kila nikifika hapo nashukuru, kisha naona wivu tena, kisha nashukuru. Sijui kama watu wazima wanaweza kimoja bila kingine.

Kuhusu saba zangu, nisamehe. Ungaliweza kupoteza mguu kwa ajili ya mnofu wa samaki. Ukiamua kutonionyesha tena kwa wateja wako, nitaelewa. Usije tu ukamlaumu Bi Mwanaisha kwa kuwa alinyamaza. Alininyamazia mimi.

Nilichofanya ni hiki. Jioni ile nilikwambia nalitaka daftari kwa kazi ya shule. Haikuwa kweli, na huo ndio uongo wangu wa mwisho kwako. Kabla ya kuondoka nilikaa na mashine jikoni nikabonyeza kurudi nyuma, namba moja moja, nikazinakili kwenye karatasi mpaka ya kwanza kabisa. Jana nimezihamisha daftarini kwa wino mwekundu, kila moja kando ya ile ya buluu, na tarehe yake. Zimejaa kurasa nne. Ile kumi na mbili ya Jumapili ya kwanza nimeiacha peke yake, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa ya kweli.

Leo asubuhi nimepiga simu. Amepokea yeye. Nimemwambia nakuja kula mchana nanyi, nami nitakuja na daftari. Amesema, "Karibu mwanangu. Nikupikie wali kiasi gani?" Nimemwambia asinipikie. Nimemwambia nitakula kabichi, na nisiwekewe sahani.

Sitaweza kukusomea barua hii kwa mdomo, unaijua haya yangu. Nitakupa mkononi kabla ya chakula, ndani ya daftari. Utaisoma mwenyewe, macho unayo. Baada ya hapo, ukitaka kuinuka mkekani, inuka. Mimi nitakuwa nimekaa upande wangu wa sinia.

Shangazi anakusalimu. Nimekwisha vaa, na sasa naikunja.

Mwanao,
aliyekuwa akikusomea namba